Waipa Iliyogandia Kiooni: Nguvu Imeishia Wapi?

Mwezi wa Januari mjini Minneapolis, Marekani, joto la usiku kwa kawaida hushuka hadi zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Gari lililolala nje hufunikwa na theluji, na chini ya theluji hiyo mipira ya waipa huwa imegandia kwenye kioo cha mbele. Dereva mwenye haraka huwasha gari, huzungusha swichi, husikia mlio mfupi, kisha kimya. Waipa iliyofanya kazi jana jioni haisogei tena.

Wengi husema baridi ndiyo iliyoiua. Mara nyingi kilichoharibu ni nguvu ya mota yenyewe, iliyosukuma kitu kisichosogea. Nguvu ile ilitoka kwenye betri ikielekea kwenye mpira unaopangusa kioo, ikazuiwa, na sehemu iliyokuwa dhaifu kuliko zote ikaachia. Kwa hiyo anayetafuta ugonjwa wa waipa ana swali moja tu la kufuata tangu mwanzo hadi mwisho: nguvu imeishia wapi?

Waipa za zamani hazikuhitaji swali hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mary Anderson wa Alabama alikwenda New York wakati wa baridi na kumwona dereva wa tramu akitaabika kuona mbele kwa sababu ya theluji. Tarehe 10 Novemba 1903 alipata hataza ya kifaa chake: mkono wenye mpira, ulioendeshwa kwa wenzo kutoka ndani. Barafu ilipokishika, dereva alihisi ugumu kiganjani na kuacha kusukuma. Mota haina kiganja cha kuhisi, nayo huendelea kusukuma hadi kitu kingine kiisimamishe.

Tena husukuma kwa nguvu kubwa. Mota ya waipa huzunguka kasi, kisha gia zake hupunguza kasi hiyo na kuizidisha nguvu mara nyingi. Inapozunguka, huzalisha ndani yake umeme unaopingana na ule wa betri, na upinzani huo ndio unaouzuia mkondo usiwe mkubwa kupita kiasi. Barafu ikiikwamisha, upinzani huo hutoweka na mkondo hupanda ghafla. Joto katika nyaya za mota hupanda zaidi, kwa sababu hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara 4, joto huwa mara 16. Hapo fyuzi huungua, na hiyo ndiyo kazi iliyowekewa. Baadhi ya mota zina kikata umeme cha ndani ambacho hujirudisha chenyewe kikipoa, na ndiyo maana kuna waipa inayofufuka baada ya dakika kadhaa bila kuguswa na fundi.

Uchunguzi basi huanza kwa masikio. Ondoa kwanza theluji na barafu yote, kisha washa swichi na usikilize. Kukiwa kimya kabisa, nguvu imeishia kwenye umeme. Fungua boksi la fyuzi, tazama mchoro wa kifuniko, na ukague fyuzi ya waipa. Ikiwa nzima, fuata relei, swichi, waya wa kwenda kwenye bodi ya gari, na mwisho mota yenyewe.

Mota ikinguruma ilhali mikono yote miwili imetulia, umeme umefika na hitilafu iko kwenye vyuma. Chini ya kioo kuna rodi zinazoiunganisha mota na mikono. Viungo vyake ni vichwa vya duara vilivyobanwa ndani ya bushi za plastiki. Nguvu ikizidi, kichwa huchomoka kwenye bushi. Wakati mwingine hurudishwa kwa kukibana tena, lakini bushi iliyopanuka itaachia tena, hivyo ni bora ibadilishwe.

Mkono mmoja ukicheza na mwingine ukabaki, tazama nati iliyo kwenye shina lake. Mkono hukaa juu ya mhimili wenye meno madogo, na nati ikilegea mhimili huzunguka peke yake chini ya mkono. Kaza nati mapema. Ukiendelea kuwasha, meno hulika na mkono utahitaji kubadilishwa.

Waipa ikienda polepole kama iliyochoka, kuna washukiwa watatu: betri, ambayo kemia yake hudorora katika baridi; grisi iliyoganda; na kutu kwenye mihimili, inayoletwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

Kabla ya kuingiza vidole kwenye vyuma hivyo, zima swichi na utoe ufunguo. Mota iliyokwama inaweza kuruka ghafla barafu inapoachia, na nguvu ileile iliyong'oa kichwa cha rodi inatosha kuvunja kidole.

Katika kuyeyusha barafu, haraka huleta hasara. Maji ya moto hutanusha sehemu moja ya kioo huku nyingine ikiwa bado baridi, na ufa mdogo uliosababishwa na kokoto hukimbia kuvuka kioo chote. Elekeza hewa ya moto kwenye kioo kutoka ndani, ukwangue nje kwa kikwangulio cha plastiki, na uinue mipira taratibu. Maji ya kuoshea kioo nayo yawe ya majira ya baridi, yenye alkoholi. Maji matupu yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9 na kupasua tangi au pampu. Yale yenye alkoholi yahifadhi mbali na watoto, kwa kuwa mengi yana methanoli, ambayo ni sumu.

Elimu hii inawahusu pia madereva wa Mombasa na Dar es Salaam. Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari hizo hutoka Japani, na baadhi yalitengenezwa kwa ajili ya mikoa ya theluji kama Hokkaido. Baadhi yake yana nyaya nyembamba upande wa chini wa kioo, pale waipa zinapolala, za kuyeyusha barafu. Gari la namna hiyo likikufikia, kagua mihimili ya waipa kama ina kutu kabla ya masika, kwa sababu mvua kubwa haimpi dereva muda wa kutafuta fundi.

Kinga yenyewe haina gharama. Kila jioni ya baridi, zima waipa kwa swichi yake kwanza, zirudi mahali pake, ndipo uzime injini. Ukizima injini waipa zikiwa zinacheza, kesho mota itaanza kusukuma barafu mara tu utakapozungusha ufunguo. Na fyuzi ikiungua, weka nyingine ya ampea zilezile zilizoandikwa, kamwe si kubwa zaidi wala kipande cha waya. Mwenye kuweka fyuzi kubwa anahamisha udhaifu kutoka kwenye kifaa cha bei ndogo na kuupeleka kwenye nyaya zilizofichwa nyuma ya dashibodi, ambako joto lile la mara 16 linaweza kuwa moto.