Betri ya Bomba Huharibikia Stoo

Mwaka 1995 kampuni ya Husqvarna ya Sweden ilitoa mashine ya kukata nyasi inayozunguka yenyewe bustanini kwa nguvu ya jua. Za siku hizi hutumia betri, na betri ikikaribia kuisha mashine huacha kazi ikarudi yenyewe kwenye chaja. Mtaniuliza, sisi wa Mbeya na Iringa tunaokata nyasi kwa fyekeo yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu ya bomba la dawa la betri. Wakulima wa viazi wa Uporoto na wa nyanya kule Ilula wanalijua: lita 16 au 20, unalibeba mgongoni, na mkono haupampu. Mengi hutumia betri ya risasi na asidi ya volti 12. Bomba hilo halina akili ya kurudi kwenye chaja. Akili hiyo inabidi awe nayo mwenye bomba, na mimi sikuwa nayo.

Msimu mmoja viazi vyangu vilishikwa na ukungu ingawa nilipiga dawa kwa wakati. Nikailaumu dawa, nikamlaumu na aliyeniuzia (nilimwomba radhi baadaye). Kumbe betri ilikuwa imechoka. Bomba lilianza vizuri, lakini kufika ujazo wa pili nguvu ilishuka, dawa ikatoka kwa matone makubwa yanayodondoka chini, majani mengine yasiguswe kabisa. Robo ekari ikaungua.

Betri ya risasi inapotoa umeme, bamba zake hupata utando wa chumvi ya risasi. Ukichaji mapema, utando huo huondoka. Ukiiacha tupu kwa majuma mengi, utando hugeuka chembe ngumu zisizotoka tena, na nafasi ya kuhifadhi umeme hupungua. Sasa tazameni kalenda yetu. Mvua hukatika karibu na Mei, bomba linatupwa stoo likiwa tupu, na linakumbukwa Novemba au Desemba. Miezi sita!

Wengi husingizia baridi ya Juni na Julai. Kweli, baridi hupunguza nguvu ya betri kwa muda, lakini betri iliyojaa huhifadhika vizuri zaidi penye ubaridi kuliko penye joto. Iliyo tupu ndiyo inayoharibika.

Kwa hiyo chaji siku ile ile uliyopiga dawa, hata kama umetumia nusu tu. Wale wanaosema mpaka iishe kabisa wanaiua. Kiangazi ichaji kila baada ya mwezi mmoja au miwili, kwa chaja yake, si ile kubwa ya gereji, ambayo huichemsha na kuikausha ndani. Mabomba mapya ya betri ya lithiamu yana chaja yake tofauti, msizibadilishane.

Betri yangu ya sasa inaingia msimu wa tatu. Ukutani stoo nachora mstari wa mkaa kila nikiichaji, na mwezi huu mstari bado haujachorwa.