Kutega Sikio na Kusimamisha Sikio

Waingereza wana msemo wao, "prick up your ears". Ukiufungulia kamusi neno kwa neno utapata ati "dunga masikio juu", na wapo wenzetu ambao huandika hivyo hivyo katika insha: "Aliposikia jina lake alidunga masikio." Mwalimu anabaki akijiuliza kama mhusika alikuwa akitoga masikio ili avae herini! Hiyo ndiyo tafsiri sisisi, na kalamu nyekundu haina huruma nayo.

Je, msemo wenyewe ulitoka wapi? Kwa wanyama, hasa farasi na mbwa. Hapa kwetu Uasin Gishu farasi ni nadra siku hizi, ingawa Makaburu waliofika nyanda hizi mwaka 1908 walikuja nao. Basi mtazame punda, ndugu yake. Akisikia lori likipinda kona, masikio husimama wima na kuelekea huko hata kabla kichwa hakijageuka. Farasi naye ana misuli kama 10 katika kila sikio, na anaweza kuelekeza moja mbele na jingine nyuma. Sisi binadamu tuna misuli 3 tu ya kulisogeza sikio, tena imelala. Wachache wanaoweza kuyachezesha yao hutuchekesha darasani, basi. Lakini wee, ukiona punda ameyalaza masikio nyuma, ondoka haraka! Hapo hasikilizi, amekasirika, na teke laja.

Hata Shakespeare aliliona jambo hili. Katika tamthilia ambayo Samuel Mushi aliitafsiri mwaka 1969 kwa jina Tufani, walevi wanaovutwa na muziki wanafananishwa na farasi wachanga ambao hawajawahi kupandwa.

Sasa Kiswahili. Chenyewe hakikwenda kwa farasi, kilikwenda kwa mwindaji. Twasema "tega sikio", kwa kitenzi kile kile cha kutega ndege, na kile tunachojibu tukiambiwa "Kitendawili!" Mimi naona chetu kina hila zaidi. Sikio la punda husimama lenyewe baada ya kishindo, lakini mtego huwekwa kabla ya ndege kufika. Anayetega sikio amekusudia, ametulia kimya, anangoja neno lipite alinase.

Ndiyo maana "tega sikio" pekee haitoshi kila mahali. Pale Mwingereza anapotaka kuonyesha kwamba mtu amegutushwa na sauti ya ghafla, ongeza kitenzi: "Alishtuka, akatega sikio." Na kama ni mnyama halisi, mbona uhangaike? Usiku wa manane tawi likivunjika nyuma ya bweni, mbwa wa bawabu alisimamisha masikio, kwa sababu kweli aliyasimamisha. Bawabu mwenyewe alitega sikio.