Kabla ulipie fomu ya tiba ya viungo

Uko Gatwekera, cheti cha KCSE kiko chini ya godoro, na unataka kusomea tiba ya viungo. Poa. Lakini skiza: usitume hata bob moja kabla hujauliza kama chuo hicho kinatambuliwa na baraza la wataalamu hao, lililoundwa na sheria ya mwaka 2014. Bila usajili wake huwezi kufanya hiyo kazi kihalali, hata ukiwa na picha umevaa joho.

Digrii iko JKUAT, na pia Moi kule Eldoret. Alama hazijafika? KMTC ina diploma, na maombi yanapitia KUCCPS. Karo ikikulemea, omba mkopo wa HELB mapema. Mathee ameuza mandazi miaka mingi; jasho lake lisiishie kwa chuo bandia.