Mradi wa Simu Ukifika Njia Panda ya Tinde

Ukitoka Nzega na kufika Tinde, barabara inagawanyika: moja inakwenda Shinyanga mjini na Mwanza, nyingine inashika Isaka na Kahama kuelekea Rwanda na Burundi. Malori hayakosekani, na penye malori hapakosi wakala wa pesa. Angalia meza ya wakala wa aina hiyo. Utakuta simu janja moja, yake mwenyewe, ya WhatsApp. Pembeni vimepangwa vitochi vitatu au vinne, kila kimoja na laini ya uwakala ya mtandao wake. Vitufe vya nyota na sifuri ndivyo vinavyofutika kwanza, maana *150*00# ya M-Pesa na *150*60# ya Airtel Money zote zinapitia hapo, kutwa nzima.

Sasa soma andiko la mradi wowote wa programu ya simu. Limeandikwa kwamba programu itafanya kazi kwenye simu zote, na ukishuka kwenye bajeti unakuta simu zote ni Android na iPhone. Ni kweli watengenezaji wamehangaika na pengo kati ya hizo mbili muda mrefu. Ilikuja PhoneGap, ikaja React Native ya Facebook mwaka 2015, kisha Flutter ya Google, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2018. Unaandika mara moja, inatumika kwenye aina zote mbili. Inaokoa fedha na muda, siibezi. Ila mkulima wa pamba au choroko anayeshuka Tinde siku ya gulio hakwamishwi na iPhone. Anakwamishwa na kitochi chake, au na simu janja iliyojaa picha za harusi mpaka haina nafasi ya kupakua chochote, na bando limekwisha tangu juzi.

Tulishapata somo hili nyumbani. Mwaka 2009 Wizara ya Afya na wabia wake, wakiwamo Novartis, IBM na Vodafone, walijaribu mradi wa SMS for Life katika vituo 129 vya Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila wiki mhudumu alipokea ujumbe kwenye simu yake mwenyewe, akahesabu dawa za malaria zilizobaki kabatini, akajibu kwa ujumbe mfupi. Akijibu kwa wakati, anapata salio. Hakuna aliyepakua kitu, hakuna aliyenunuliwa simu. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau dawa moja. Wiki ya 21 vilibaki asilimia 26. Simu ya aina yoyote iliweza, na mtoto mwenye homa akakuta dawa. Sijui kipimo kingine cha mradi kinachozidi hicho.

Sensa ya Agosti 2022 ilikwenda njia nyingine: serikali iligawa vishikwambi kwa makarani, ikajua programu itakaa kwenye kifaa gani. Pale inafaa, kwa sababu mwajiri ndiye anayechagua kifaa. Kwa mkulima, mjamzito au mwendesha bodaboda huchagui wewe. Unamfuata na simu aliyonayo.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, na halionekani siku ya uzinduzi. Programu inaendelea kudai matunzo baada ya mfadhili kuondoka. Apple hutoza msanidi dola 99 kila mwaka, na asipolipa programu inatolewa dukani. Google nayo inataka programu zisogezwe kwenda na matoleo mapya ya Android. Isiyosogezwa haionekani tena kwa mwenye simu mpya anayeitafuta kwa mara ya kwanza. Hata menyu ya nyota na reli ina gharama zake: inabidi kukubaliana na kila mtandao, na bili ikisimama, namba inakufa. Ndiyo maana naona busara kwa taasisi za umma kupachika huduma zao kwenye *152*00# ya serikali, ambayo tayari ipo na ina mwenyewe, kabla ya kukimbilia programu mpya yenye nembo zao.

Halmashauri ikiletewa programu, iulize nani atalipia mwaka wa nne, mfadhili akishaondoka, na jina la mlipaji liandikwe kwenye mkataba kabla ya kukata utepe. Kisha ijaribiwe Tinde, kwenye vitochi vya wakala, siku ya gulio mtandao ukiwa umeelemewa.