Petroli ya Kuwashia Taa Tano

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi, dukani Darajani na hata barazani tukishatoka kuswali, ni hili: "Fundi, ninunue jenereta au hizi betri za sola za kubeba?" Nami sijibu mpaka niulize la kwangu. Umeme ukikatika nyumbani kwako, unataka kuwasha nini, na kwa muda gani? Asiyekuwa na jibu namwomba arudi nyumbani kwanza, asome vibao vilivyobandikwa nyuma ya vyombo vyake, aandike wati za kila kimoja. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia anunue nini.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Unguja. Nimefunga jenereta nyingi, nimetengeneza nyingi zaidi, na miaka ya karibuni nafunga betri pia. Nionavyo, nyumba nyingi za mjini zinachoma petroli kwa kazi ambayo betri ingeifanya kimya kimya na kwa nafuu, na wafanyabiashara wengi wadogo wanauziwa betri kwa kazi isiyoiweza. Pande zote mbili watu wanaumia, na pesa zenyewe ni za jasho.

Itazame ile jenereta ndogo ya petroli, ya kilowati 2. Ili itoe umeme wa hezi 50 kama wa gridi, injini yake lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika. Uwashe pasi au uwashe taa moja ya msalani, mzunguko ni uleule, na mafuta yanaendelea kuungua. Hata ikiwa na mzigo mdogo kabisa, ihesabie nusu lita kwa saa. Zipo za inveta ambazo hupunguza mbio mzigo ukipungua, nazo ni nzuri, lakini bei yake iko juu na si nyingi madukani.

Sasa chukua nyumba ya kawaida ya Mpendae au Magomeni. Taa tano za LED za wati 9, feni ya wati 50, televisheni ya wati 60, kifaa cha intaneti, simu mbili tatu kwenye chaja. Vyote kwa pamoja havifiki wati 200. Umeme ukikatika magharibi ukarudi saa tano usiku, jenereta imeshakunywa lita mbili na ushei. Petroli tuikadirie shilingi 3,000 kwa lita: hapo umetumia kiasi cha shilingi 7,000, na umeme ulioupata haukutimia hata yuniti moja. Jenereta hiyo hiyo ukiitwika mzigo wa zaidi ya nusu ya uwezo wake, lita moja inaweza kukupa yuniti moja na robo, pengine moja na nusu. Yuniti inashuka hadi kwenye shilingi 2,000 na kitu. Ni ghali bado, lakini angalau petroli imefanya kazi.

Hapo ndipo betri inaposhinda bila ubishi. Sanduku la saa-wati 1,000, lenye betri ya lithiamu, inveta na chaja ndani yake, huwa na uzito wa kilo kumi hadi kumi na tatu. Inveta hula sehemu yake, kwa hiyo mwenye nyumba abaki na hesabu ya saa-wati 850 za kutumia. Nyumba ile ya wati 180 itakaa kwenye mwanga kwa muda wa saa nne na nusu, watoto wanasoma, feni inazunguka, jirani analala. Umeme ukirudi, unaichomeka ukutani inajaa tena. Ikiwa kwenu umeme hukatika saa chache na kurudi siku ileile, hata paneli huihitaji kwa kuanzia. Wauzaji hawakwambii hilo kwa sababu paneli nayo ni bidhaa.

Bei ya kununulia ndiyo inayowakimbiza watu. Betri ya ukubwa huo mara nyingi huwa mara tatu au nne ya bei ya jenereta ndogo. Lakini jenereta inaendelea kukudai baada ya kuinunua: oili ya kwanza unamwaga baada ya saa kama ishirini za kazi, kisha kila baada ya saa hamsini hadi mia, na plagi, na chujio. Ukiiacha miezi kadhaa na petroli ndani, mafuta yanaganda kama gundi kwenye kabureta, na siku ya giza unavuta kamba mpaka bega linauma. Jenereta zinazoletwa kwangu na maneno "imekufa" nyingi zina ugonjwa huo mmoja tu.

Betri nazo hazifanani. Muulize muuzaji ni lithiamu ya aina gani. Ya fosfeti ya chuma, inayoandikwa LFP au LiFePO4, huvumilia kuchajiwa na kutumika mara 3,000 hivi kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80. Zile za nikeli na kobalti ni nyepesi zaidi, lakini nyingi huanza kuchoka baada ya mara mia tano hadi mia nane. Na zote hazipendi joto. Naona watu wanaanika paneli juani na betri wanaiweka hapohapo pembeni yake. Paneli ikae juani, betri iingie ndani kivulini.

Jua letu lina neema, ila lina hesabu yake. Paneli ya wati 200 kwa siku njema hapa visiwani inakupa kama saa-wati 700 baada ya hasara za njiani, na wakati wa masika zipo siku hupati hata nusu ya hizo. Kisha kuna kivuli. Tawi moja la mwembe likifunika kona ya paneli, unaweza kupoteza sehemu kubwa ya umeme wote, kwa sababu seli zimeungwa mfululizo na iliyofunikwa inazibana zilizo juani. Kabla ya kununua, simama uani saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, uone kivuli kinapita wapi.

Sasa nije kwenye mota. Friza, pampu ya maji, mashine ya kusaga: vyote hivi vikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa kwenye kibao, kwa nukta moja tu, kisha vinatulia. Friza ya wati 150 inaweza kutaka karibu wati 900 pale inapoamka. Pampu ya hospawa moja, ambayo kwenye karatasi ni wati 750 hivi, itaizima betri ya wati 1,000 papo hapo. Na kitu chochote cha kupasha moto, birika, pasi, jiko, kinamaliza betri kabla hujakaa.

Mama mmoja wa Kwahani anauza barafu na juisi ya ukwaju, ana friza mbili. Alishaambiwa na muuzaji kuwa betri moja ya saa-wati 1,000 inamtosha. Nikamwambia, "Bi mkubwa, friza zako mbili kwa joto hili, na maji mapya unayotia kila asubuhi, zinakula yuniti tatu kwa siku na zaidi. Hiyo betri ni ya saa chache." Akaniuliza, "Basi mwanangu, niwashe jenereta mchana kutwa?" Hapana. Friza iliyojaa, ikiachwa bila kufunguliwa, hushika baridi siku nzima na zaidi. Awashe jenereta kwa muda wa saa mbili asubuhi, na muda kama huo jioni, friza zote mbili kwa pamoja, na kwenye soketi ya tatu achomeke betri ndogo ijae. Jenereta ikizimwa, betri inabeba taa, simu na feni mpaka alfajiri. Hivyo injini inafanya kazi ikiwa na mzigo wa kutosha, na haiwaki kwa ajili ya taa peke yake.

Mpango huo naupenda kwa sababu nimeona kinachotokea umeme usiporudi. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa bila umeme wa gridi, baada ya kuharibika kwa njia ya umeme wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, iliyokuwepo tangu 1980. Nilikuwa kijana najifunza kazi kwa fundi. Pampu za maji zilisimama, watu wakahangaika na madumu visimani, na mitaa ya Ng'ambo ikanguruma usiku kucha. Kebo mpya ya megawati 100 ililetwa mwaka 2013 na hali imekuwa bora mno, lakini kwa miezi mitatu ile waliokuwa na jenereta waliishiwa na pesa za mafuta kabla giza halijaisha. Betri bila paneli isingewafaa pia. Katika katizo refu kila kimoja kinahitaji kusaidiwa.

Kuna jambo moja ambalo sibishani na mteja juu yake. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Mtu husinzia tu asiamke. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina ua wa katikati, na wengi hudhani pale ni nje. Si nje. Ukuta umeuzunguka pande nne na madirisha ya vyumba yanaufungukia. Kama huna pa kuiweka mita sita kutoka kwenye nyumba, mbali na dirisha lako na la jirani, jenereta usinunue. Kwako jibu ni betri, hata kama itawasha vichache.

Na usithubutu kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ili "ilishe nyumba". Umeme unarudi nyuma kupitia mita hadi kwenye nguzo, na fundi wa shirika aliyepanda akidhani laini imekufa anaupata mikononi. Funga swichi ya chenji ova, inayoitenga nyumba na gridi jenereta inapowaka. Ni kazi ya siku moja.

Ukienda kununua betri, nenda na pasi yako ya wati 1,000. Mwambie muuzaji aichomeke mbele yako, muiache iwake dakika kumi. Betri iliyoandikwa wati 1,000 na haiwezi kuubeba mzigo huo itazima au italia palepale dukani, na pesa bado ziko mfukoni mwako.