Fremu Sitini kwa Hewa ya Dodoma

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Dodoma kwa bei ya mwanafunzi hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizostaafishwa katika ofisi za ng'ambo, zikapita Kariakoo, kisha zikapandishwa basi hadi Makao Makuu. Si mashine mbaya. Yenye prosesa ya Core i5-6500 ya mwaka 2015 mpaka leo inaandika ripoti na kuonyesha filamu bila kulalamika. Shida huanza kijana wa UDOM anapotaka kuichomekea kadi ya picha ili acheze gemu, na muuzaji akamhakikishia kwamba kadi kubwa ndiyo kila kitu.

Siyo. Mchezo unaouona kwenye skrini ni fremu zinazofuatana, na wachezaji wengi huridhika zikifika 60 kwa sekunde. Maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 tu. Prosesa ndiyo inayokokotoa yanayotokea: mpira umegonga mwamba, mlinzi amegeuka, gari limepinda. Kisha huikabidhi kadi ya picha orodha ya vitu vya kuchora, na wakati kadi inachora, prosesa imeshaanza fremu inayofuata. Ni kama wapishi wawili wa chapati, mmoja anasukuma na mwenzake anachoma: chapati zinazofika mezani zinaamuliwa na aliye mzito kati yao.

Tupige hesabu. Chukua prosesa inayotumia milisekunde 15 kwa fremu na kadi inayotumia 16. Unapata fremu 62. Ukaiuza kadi hiyo, ukaongeza pesa, ukaleta yenye kasi maradufu, ya milisekunde 8. Prosesa bado iko kwenye 15, kwa hiyo unapata fremu 66. Pesa yote hiyo imenunua fremu nne! Lau prosesa ingekuwa ya milisekunde 9, kadi hiyohiyo ingekupa zaidi ya 110.

Kwa hiyo uwiano si kugawa bajeti sawa kwa sawa. Mimi ningeanzia kwenye skrini. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2.07, ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.69. Mzigo huo wa ziada unaiangukia kadi karibu wote, kwa kuwa kwa prosesa mlinzi ni yuleyule na mpira ni uleule. Hapo kuna kipimo cha bure kwa mwenye mashine tayari: punguza pikseli kwenye mipangilio ya gemu. Fremu zikipanda, kadi ndiyo iliyoelemewa. Zisipopanda, usiende dukani kutafuta kadi.

Sasa tuje kwenye kifaa ambacho hakuna anayejisifia kuwa nacho, pawasaplai. Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa wati zisizozidi 75. Matoleo mengi ya GTX 1650 yanatosheka na hizo, ndiyo maana kadi hiyo inazifaa mashine za ofisini. RX 580 inataka wati 185, na zinazozidi lazima zije kwa waya wake kutoka kwenye pawasaplai. OptiPlex nyingi zina pawasaplai ya chini ya wati 300 isiyo na waya huo, na plagi zake ni za Dell yenyewe, hivyo huwezi kuchomeka nyingine yoyote bila kigeuzi. Wapo wanaovuta umeme wa kadi kutoka kwenye plagi ya SATA, ile ya diski. Ukiishika utaona pini nyembamba kama karatasi nene. Kwenye volti 12 zimeundwa kubeba wati 54. Zipe wati 150 na plastiki itaanza kulainika kabla hujamaliza kipindi cha kwanza.

Kwa anayeunda mashine upya kwa bajeti ya kati, mfano wenye akili ni Ryzen 5 5600, prosesa ya mwaka 2022 yenye viini (cores) sita, pamoja na RX 6600 inayotumia wati 132. Weka RAM ya gigabaiti 16, lakini iwe vijiti viwili vya 8: kijiti kimoja cha DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, viwili hupitisha 51.2. SSD ni lazima. Ukijumlisha vyote, mashine haifiki wati 300, hivyo pawasaplai ya 550 kutoka kampuni inayoaminika itafanya kazi kwenye nusu ya uwezo wake, ambako hupoteza umeme kidogo zaidi. Bajeti ikibana, punguza kasha na taa za rangi. Taa hazijawahi kuongeza fremu hata moja.

Halafu kuna jambo ambalo mwongozo ulioandikwa ukanda wa pwani hautakuambia. Dodoma iko mita kama 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 12, joto likiwa sawa. Feni husukuma ujazo uleule wa hewa kila inapozunguka, ila ujazo huo una hewa pungufu ya kubeba joto. Kadi ambayo Dar ingepanda digrii 40 juu ya joto la chumba, hapa huongeza kama digrii tatu au nne. Usiku wa Julai baridi ya Dodoma inalifidia hilo kabisa. Mchana wa Oktoba na Novemba, joto linapopita digrii 30, hakuna fidia.

Vumbi linaongeza lake. Kiangazi chetu huanza Mei na kufika Novemba, upepo ukirusha udongo mwekundu hadi chini ya mlango, na udongo huo ukijaa katikati ya mapezi ya kipoza joto unafanya kazi ya blanketi. Weka feni nyingi za kuingiza hewa kuliko za kutoa, na zenye chujio, ili hewa isinyonywe kupitia kila upenyo. Unapopuliza vumbi kwa blowa, shika feni kwa kidole isizunguke, maana beringi zake hazikuundwa kwa kasi hiyo. Na kwa kuwa hewa kavu hulimbikiza umeme tuli mwilini, gusa kwanza chuma cha kasha kabla ya kushika RAM.

Inabaki LUKU. Mashine na skrini zikila wati 300, saa nne kila jioni ni yuniti 36 kwa mwezi, karibu nusu ya yuniti 75 ambazo ndizo ukomo wa bei nafuu ya kundi la D1. Karibu kila gemu ina mpangilio wa kuweka kikomo cha fremu. Kama skrini yako huonyesha 60 kwa sekunde, hakuna sababu ya kuiacha kadi ichore 140. Weka kikomo kwenye 60, wati zitashuka na feni zitatulia.