Mia Wanaruka, Anabaki Mmoja

Ndege inakatiza juu ya kisiwa cha Erangel ikiwa imebeba watu 100 wasiojuana, wote mikono mitupu. Kila mmoja anaruka anapotaka, anafungua mwavuli, anatua na kutimua mbio hadi nyumba iliyo karibu. Mwenye bahati anaokota bunduki sakafuni. Mwenzake anaambulia kikaango, nacho si cha kubeza: katika mchezo wa PUBG, kikaango kilichoning'inia nyuma ya kiuno kinazuia risasi.

Muda si mrefu, duara linachorwa kwenye ramani. Atakayebaki nje yake anaanza kupungukiwa uhai, hata awe na silaha kali namna gani. Duara linabana, linatulia, linabana tena, mpaka kisiwa cha kilomita 8 kwa 8 kinageuka kipande cha majani ambacho wawili watatu waliosalia wanatambaa wakitafutana.

Siri ya michezo hii ya battle royale imo kwenye duara hilo kuliko kwenye bunduki. Gemu za kufyatuliana risasi zilitamba tangu miaka ya 1990, na zilikuwa na maradhi yake. Mwoga alijichimbia pembeni asitoke. Mgeni aliuawa, akafufuka, akauawa tena na fundi yuleyule, hadi akachoka na kuzima mashine. Duara linamfurusha mwoga kichakani. Kuhusu mgeni, dawa yake ni hesabu: watu 99 kati ya 100 lazima washindwe, kwa hiyo kushindwa si aibu. Anayemaliza wa tano anajiona nusura awe bingwa, na kabla hasira hazijapoa ameshabonyeza kitufe cha kuanza upya.

Aliyeviunganisha vipande hivi ni Brendan Greene, raia wa Ireland aliyekuwa akiishi Brazil na kujipatia riziki kwa upigaji picha na usanifu wa tovuti. Wazo alilitoa kwenye filamu ya Kijapani ya mwaka 2000, Battle Royale, iliyotokana na riwaya ya Koushun Takami ya mwaka 1999, ambamo darasa zima la wanafunzi linapelekwa kisiwani kuuana. Mwaka 2013 alianza kuuchokonoa mchezo wa wengine, DayZ, ambao nao ulikuwa umepandikizwa juu ya mchezo wa kijeshi wa Arma 2. Baadaye kampuni ya Bluehole ya Korea Kusini ikamwita. PUBG ilitoka Machi 2017 ikiwa bado mbichi, imejaa hitilafu. Kufikia Januari 2018, watu zaidi ya milioni 3 walikuwa wakiicheza kwa wakati mmoja kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta.

Epic Games ya Marekani haikulaza damu. Julai 2017 ilikuwa imetoa Fortnite, mchezo wa kujenga ngome na kupambana na mazimwi. Septemba ikauongezea uwanja wa watu 100, na uwanja huo ikautoa bure. Pesa ingetoka kwenye mavazi, mapambo na mitindo ya kucheza ngoma, vitu visivyomwongezea mchezaji nguvu hata chembe. Anayeona ni upuuzi kulipia nguo isiyovalika na akumbuke sare za harusi: zinavaliwa jioni moja, lakini nani anataka kuonekana hana?

Hapo ndipo gemu ilipogeuka kijiwe. Tarehe 15 Julai 2018, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Moscow, Antoine Griezmann aliifungia Ufaransa penalti, kisha akashangilia kwa kuweka vidole vya herufi L kwenye paji la uso huku akirusharusha miguu. Ni ngoma ya Fortnite ya kumzomea aliyeshindwa. Mwaka uliofuata, kijana wa miaka 16, Kyle Giersdorf, aliondoka kwenye uwanja wa tenisi wa Arthur Ashe jijini New York na dola milioni 3 za ubingwa wa dunia wa mchezo huo. Aprili 2020, korona ikiwa imewafungia watu ndani, rapa Travis Scott alitumbuiza humohumo kisiwani akiwa jitu lenye kimo cha mlima; Epic ilihesabu wachezaji milioni 12.3 waliokuwamo kwa pamoja.

Hata hivyo, shamrashamra zote hizo zilimtaka mtu awe na mashine nzuri. Walio wengi duniani wana simu, tena za bei nafuu. Garena ya Singapore ililiona hilo mapema: Free Fire yake, iliyotoka mwaka 2017, ilipunguza watu hadi 50 na mechi hadi dakika kama 10, ikawa nyepesi kwa simu yenye kumbukumbu ndogo. India na Brazil ziliipokea kwa mikono miwili. Kwa kijana wa Temeke au Mombasa anayejiunga bando la siku, huo ni uamuzi wa kiufundi wenye maana kuliko picha zozote za kuvutia.

Serikali nazo hazikukaa kimya. Bunge la Iraq lilipiga kura kuzuia PUBG na Fortnite Aprili 2019. China ilipata suluhisho la aina yake: mwezi uliofuata kampuni ya Tencent iliiondoa PUBG ya simu na kuleta toleo ambalo anayepigwa risasi havuji damu, bali anapiga goti, anaacha sanduku la vifaa vyake, anapunga mkono wa kwaheri na kutoweka. Kuua kumebaki palepale. Kilichoongezeka ni adabu.

Marekani iligusa mfuko. Desemba 2022, tume yake ya biashara ilitangaza kwamba Epic italipa dola milioni 520. Milioni 275 ni faini ya kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na milioni 245 ni za kuwarudishia wateja, kwa kuwa vitufe vilikuwa vimepangwa hivi kwamba mguso mmoja wa bahati mbaya ulitosha kukata pesa. Awamu ya kwanza ya marejesho, zaidi ya dola milioni 72, ilianza kutumwa Desemba 2024.